Gitaa la stili la shingo moja: E9 inatosha kabisa

Wenye mnauliza kama mnunue gitaa la stili la pedali (lile la kulazwa, unatelezesha chuma juu ya nyuzi) la shingo mbili, E9 na C6, yaani tyuni mbili tofauti, ama moja tu, mimi nasema chukua E9 uachane na hiyo ingine kwanza. Niko na ya nyuzi 10, pedali 3 na leva 4 za magoti, mtumba kutoka Marekani, na hapa Nairobi mahali watu wanaitisha Jim Reeves na Don Williams mpaka saa nane usiku sijakwama kwa wimbo eti sina C6. C6 ni tamu, sikatai, swing na jazz ndio kwao, lakini ni uzito na pesa, na hebu panda matatu na shingo mbili uone vile makanga atakuangalia.

Raha ya E9 ni vile pedali zinasaidiana. Weka chuma juu ya freti ya 3 bila kukanyaga kitu, hiyo ni kodi (chord) ya G. Kanyaga pedali A na B pamoja, uko C na mkono haujasonga. Panda freti ya 6, shika pedali A na leva inayopandisha E kuwa F, umerudi G. Freti ya 10 na A na B, G tena! Ukishajua kuteleza kati ya hizo tatu ndio watu wanaanza kusema stili inalia.

Pedali zangu zimepangwa kwa mpango wa Emmons, yaani A iko kushoto kabisa, mpango wa Day ni kinyume. Kimuziki ni mamoja, mwenye kuamua ni kifundo cha mguu wako. Mimi nikikanyaga A peke yake goti linaegemea kushoto lenyewe, na leva ya F iko hapo hapo.

Leva ya nne ilikuja na kazi sikuitaka, nikabadilisha ishushe uzi wa 5 kutoka B hadi B♭, fundi wa Kamukunji akanichongea fimbo ya kuvuta na inakaa ya kiwanda. Ukiwa umekanyaga A na B halafu uguse hiyo leva, ile C♯ pedali A imepandisha kutoka B (nahesabu nyuzi wazi) inashuka hadi C na ile kodi ya nne, ukihesabu kutoka ile ya bila kukanyaga kitu, inageuka mainori, nyimbo za kanisa zinapenda hiyo kitu vibaya sana (lazima uityuni hiyo C polepole lakini). Na msiseme stili ni ya macowboy tu, King Sunny Adé wa Nigeria aliiweka kwa muziki wa juju zamani na ikakubali.

Shida ni uzi wa 3, G♯, unakatika ovyo juu pedali B inauvuta hadi A kila saa. Ni saizi .011 ya inchi tu, hata uzi wa kwanza wa seti ya 11 ya gitaa la umeme unaingia, kwa hivyo usingoje seti nzima kutoka ng'ambo. Halafu usiamini tyuna kwa G♯, mshale utakaa katikati kabisa na kodi ya E bado inatetemeka, shusha kidogo mpaka itulie. Pedali nazo zinatyuniwa kwa nati ndogo za nailoni huko mwisho, baada ya nyuzi wazi kukaa sawa, na zina spana yake ndogo, muuzaji asipokupa mwambie aitafute kabla hujalipa.