Marafa Hell's Kitchen, uzoefu wangu: nendeni jioni

Jamani sisi watu wa Mombasa wikendi ikifika ni ufuoni Pirates ama Mama Ngina basi, na hapo mbele ya Malindi kuna pahali wageni watoka Ulaya kuja kupaona na sisi majirani wengi hatujakanyaga. Nasema Marafa, lile bonde la minara ya mchanga waliloliita Hell's Kitchen, wenyeji Wagiriama hupaita Nyari. Nilienda na shemeji yangu na watoto, na pazuri mno, lakini saa utakayofika ndiyo itaamua kama utapapenda.

Kutoka Mombasa mpaka Malindi ni kama kilomita 120, halafu wavuka daraja la Sabaki waingia ndani huko Magarini. Dereva tuliyemkodi alikazana tufike mchana ati apate kurudi mapema, na hilo lilinikera sana manake saa saba pale chini bondeni ni tanuri, wenyeji wanakwambia joto lafika hata nyuzi 50 na watoto wadogo huwezi kuwateremsha. Tukagoma. Tukakaa kivulini mpaka saa kumi ikapita ndio tukashuka.

Na hapo wallahi nilinyamaza. Juu ni shamba tu na vichaka, huoni dalili yoyote, ghafla ardhi imekatika mbele ya miguu yako na chini kumesimama minara ya mchanga, mweupe, waridi, rangi ya machungwa, mwekundu kabisa, na jua likizidi kushuka ule wekundu unazidi kuwaka. Yule kijana wa pale aliyetutembeza akatuonyesha mistari ukutani akatupa hadithi yao, kwamba paliishi familia tajiri wa ng'ombe mpaka wakawa wanaoga maziwa, Mungu akakasirika ardhi ikawameza, ule weupe ndio maziwa na wekundu ni damu. Watoto walimsikiliza midomo wazi.

Halafu akatueleza na upande wa pili, kuwa ni mvua na upepo vinakula mchanga miaka na miaka, pale penye tabaka gumu kidogo juu ndio pamebaki mnara, palipo laini pameshabebwa na maji. Nikagusa ukuta kwa kidole tu, chembe zikamwagika mkononi, kavu kama unga. Yaani sio jiwe la kuparamia! Sasa mimi nikiona mtu anapanda juu ya hiyo minara apigwe picha naumia roho, manake kipande kikivunjika kimekwenda, hakuna fundi wa kukirudisha. Na msikwaruze majina yenu ukutani, tafadhalini.

Kiingilio mwalipa pale pale, pako chini ya wenyeji wenyewe, na sisi hakikutuumiza. Mchukueni wa kuwatembeza hata kama mwaona njia mwaiweza, hadithi ziko kwake na anajua ukingo gani umelegea, hasa baada ya mvua za masika ambapo njia inateleza na pembeni humomonyoka, mimi wakati huo singepeleka watoto.

Maji bebeni ya kutosha kutoka Malindi. Valieni raba, sio ndala, ule mteremko una changarawe. Na mkikodi gari patana na dereva kabisa mkiwa bado Mombasa kwamba mtaondoka Marafa jua likizama, akikataa tafuteni mwengine.