Kioo cha Mbele Mombasa: Bei Yake na Gundi Asiyoiulizia Mtu

Haya jamani, hamjambo, karibuni. Leo sina utangulizi mrefu kwa sababu jambo hili linaniwasha. Tangu ile video ya betri, maoni yamejaa swali moja: kubadilisha kioo cha mbele hapa Mombasa ni pesa ngapi? Na najua mnavyokipata hicho kisa. Uko nyuma ya lori la kontena pale Mariakani, tairi linarusha kokoto, ta! Unaona kanyota kadogo. Unawasha eisi kwa sababu jua ni kali, kioo kinapoa kwa ndani na nje kinaungua, na kabla hujafika Miritini ufa umeshatambaa mpaka ukingoni.

Bei kwanza, nisiwazungushe. Nimepita Ganjoni, Shimanzi na Changamwe nikiulizia. Vitz, Probox, Fielder, Premio, haya magari yetu ya kila siku: kioo kipya kisicho cha kiwanda cha gari, pamoja na kubandika, utatajiwa kati ya 8,000 na 15,000. Ukipanda kwenye X-Trail, Forester au Harrier, mazungumzo yanaanzia 15,000 na yanaweza kufika 30,000. Ukisema nataka cha orijino chenye nembo ya gari lenyewe, hesabu inakuwa mara mbili au tatu. Hizo ndizo bei nilizoambiwa mimi nikiwa nimesimama dukani, na kila mmoja alishuka kidogo nilipoanza kuondoka. Kwa hiyo wewe pia anza kuondoka.

Kuna mwenzetu mmoja mwenye chaneli kule Nairobi, simtaji, amewaambia watu kioo ni 5,000 na kazi kwisha. Jamani. Kioo cha bei hiyo mara nyingi kimeng'olewa kwenye gari lililokatwa vipuri. Kioo cha mbele ni vioo viwili vyembamba vilivyoshikanishwa na utando wa plastiki katikati, ndiyo maana kikigongwa kinapasuka lakini hakimwagiki kama cha mlangoni. Ukikichomoa ovyo, pembe zinameguka kidogo, huoni, halafu gari likiruka tuta moja ufa unaanzia pale pale penye jeraha. Mwambieni aje Mombasa, tutampokea.

Sasa vioo vyenyewe. Mtu ataniuliza, hiki cha China ni kibaya? Mimi nasema hapana. Fuyao na Xinyi ni viwanda vikubwa kabisa. Angalia pembe ya chini ya kioo, kuna maandishi madogo. Tafuta herufi E ndani ya duara na namba pembeni yake, halafu 43R. Hiyo ni alama ya kwamba kioo cha aina ile kimepimwa kwa kanuni ya kimataifa. Kama pembe ni tupu, hakuna jina wala alama, rudisha ndani ya boksi. Na kabla hakijabandikwa kisimamishe, uangalie nguzo ya stima kupitia hapo ulipo usawa wa macho ya dereva, ukisogeza kichwa polepole. Nguzo ikijikunja, utaumwa kichwa ukiendesha usiku mpaka Malindi.

Lakini sikuja hapa kwa ajili ya kioo. Nimekuja kwa ajili ya hii. Sogezeni kamera. Hii tyubu hapa.

Hii ni gundi ya poliyurethani, gundi ya vioo vya gari. Watu wanabishania kioo nusu saa, shilingi 500 wanaitolea jasho, halafu hakuna hata mmoja anayeuliza, fundi, utakibandika na nini? Mchele mmoja mapishi mengi! Kioo kile kile kilichotoka duka moja, kwa fundi huyu kinakaa miaka, kwa yule kinavuja mvua ya kwanza ya Aprili.

Tazameni, nakata mdomo wa tyubu. Ukikatwa wazi duara, gundi inatoka kama nyoka, inalala chini. Ukiukata pembe tatu hivi, inatoka imesimama, ina mgongo. Ule mgongo ndio unaobanwa na kioo na kujaza kila mwanya. Naupitisha hapa kwenye kipande cha bati, unaona? Haukatiki katikati ya njia, hauna tundu. Penye tundu ndipo maji yatakapoingilia.

Na hii nyingine, tyubu ya pili, ni silikoni ya kawaida ya madirisha ya nyumba. Ningekuwa na uwezo ningewanusisha. Inanuka siki. Ukisimama karibu na fundi anayebandika kioo cha gari lako ukasikia harufu ya siki, msimamishe hapo hapo. Hiyo ni asidi, inakula chuma, na nguvu ya kushika kioo cha gari haina. Mkoba wa hewa (eabegi) wa upande wa abiria, kwenye magari mengi, ukifunguka unajiegemeza kwenye kioo cha mbele ndipo umrudie abiria. Kioo kikitoka, mkoba unatoka nacho. Gari likipinduka, kioo hicho hicho kinasaidia kuzuia paa lisibonyee. Hayo yote yameshikwa na mstari huu mweusi ninaowaonyesha. Ndiyo maana nakasirika.

Sasa njooni kwenye gari, nataka muone ukingo. Kioo cha zamani kimetolewa. Hapa fundi alitumia waya kukatia, akaacha utando mwembamba wa gundi ya kale, safi kabisa. Gundi mpya inashika vizuri juu ya ile ya kale iliyokatwa. Lakini hapa pembeni, sogea, sogea zaidi, kisu kimekwaruza rangi na bati linang'aa. Kakwaruzo kadogo tu. Kwingine huenda kangesubiri. Sisi tunaishi na upepo wa chumvi, kuanzia Nyali mpaka Likoni. Ukibandika kioo juu ya hilo bati bila praima, ile rangi ya kwanza ya kukinga bati, kutu inaanza chini ya gundi, inavimba, inainua gundi, maji yanaingia, zulia linaoza, na mwaka unaofuata unamlipa fundi wa bodi kabla hujamlipa wa kioo. Praima ni kachupa kadogo, unapaka, unasubiri ikauke. Nimeshuhudia fundi akimwambia mteja "hiyo si lazima." Kwa pwani hii, ni lazima!

Jambo moja limo upande wetu. Gundi hii inakomaa kwa unyevu wa hewa, na unyevu Mombasa haununuliwi. Lakini usidanganywe kwamba utaondoka papo hapo. Tyubu yenyewe imeandikwa muda wa kusubiri. Nyingine saa moja, nyingine saa kadhaa. Mwambie fundi akusomee, pamoja na tarehe ya kuisha. Tyubu iliyokaa kwenye stoo ya mabati ikipikwa na joto, ukiikamua inatoka na mabonge. Ukishachukua gari, acha dirisha wazi kidogo siku hiyo ili ukifunga mlango hewa isikisukume kioo. Kuosha kwa presha subiri siku mbili. Na kama unaishi Likoni, usikimbilie ule mteremko wa feri na gundi bado mbichi; pitia barabara ya Dongo Kundu isiyopanda feri, au ngoja kesho.

Kabla sijasahau, habari za chaneli: video sasa zitatoka Ijumaa jioni, na maikrofoni mpya imefika. Wale mliolalamikia kelele za tuktuk, nimewasikia.

Turudi. Wenye Subaru zenye kamera mbili juu ya kioo, na Toyota mpya zenye kamera nyuma ya kile kioo cha kutazamia nyuma. Nilisema mwanzo kioo chochote chenye alama kinatosha. Kwenu ninyi nasita. Kamera inaangalia barabara kupitia kioo, na kioo kikiwa na mawimbi mahali pale inasoma vibaya. Hapo ningelipia cha orijino, na baada ya kubandika kamera ipangwe upya kwa mashine. Uliza kabisa kama bei uliyopewa ina kazi hiyo ndani, maana mafundi wengi hawaisemi mpaka taa ya onyo iwake. Kwa jumla unaweza kupita 60,000 kwa urahisi. Inauma, najua.

Bima? Ukiwa na thadi pati, ile bima ya kulipia wengine tu, kioo ni mfuko wako. Ukiwa na bima kubwa, inayolipia na gari lako, fungua karatasi zako utafute kikomo cha kioo; utakuta 30,000 au 50,000 kwenye sera nyingi, na unaweza kukiongeza kwa malipo kidogo. Mwenye gari la kamera aangalie hilo leo.

Na wewe mwenye kanyota kadogo, kadogo kuliko sarafu, na hakako mbele ya macho yako, usibadilishe kioo! Bandika selotepu safi juu yake sasa hivi vumbi na maji visiingie, nenda kajaziwe gundi maalumu ya kujazia nyufa. Ni sehemu ndogo tu ya bei ya kioo. Alama hafifu itabaki, lakini ufa unasimama. Na usiingie kosha gari wakamwaga maji baridi juu ya kioo kilichochomwa na jua la saa nane.

Niandikieni chini: gari gani, mtaa gani, uliambiwa bei gani, na fundi alitumia gundi gani. Wenye Hiace za kwenda Mtwapa nawasubiri zaidi, kwa sababu kioo chenu ni kikubwa na bei nilizopewa zinapishana sana, nataka kuzilinganisha kabla ya Ijumaa.