Pini ya kilti: igeuze nyuma kabla hujatoa pauni

Mwanangu alihitimu chuo hapa Glasgow akiwa amevaa kilti, ile sketi ya marinda ya wanaume wa Kiskoti, na mimi mama yake sherehe nzima macho yangu yalikuwa kwenye paja lake la kulia. Pale chini, karibu na matamvua, palikuwa na tundu la kupitisha punje ya mchele.

Kilti yenyewe si ya kukodi. Ni sufu nzito ya aunsi 16 kwa yadi, yadi 8 za kitambaa, marinda yameshonwa kwa mkono. Tartani, yaani ule mpangilio wa miraba na rangi, ni ya kisiwa cha Skye (Isle of Skye), maana sisi watu wa Tanga hatuna tartani ya ukoo, ingawa ukoo ndio uliochanga hela. Halafu ikaja kuharibiwa na pini ya pauni 22 niliyoinunua mwenyewe kwenye duka moja la watalii pale Royal Mile, Edinburgh. Upanga mdogo wenye ua la mbigili kwenye mpini. Ulimeremeta, nikaupenda, nikalipa. Nyuma sikuangalia. Mimi, niliyefunga mtandio miaka thelathini na kujua pini mbaya inavyoweza kuichana hariri, sikuangalia nyuma!

Tangu nieleze kisa hiki kwenye kundi letu la akina mama, naulizwa kila harusi inapokaribia: ninunue ipi? Haya.

Kwanza lijue hili, kwa sababu wauzaji wengi hawalisemi. Pini ya kilti haifungi kitu. Kilti inafungwa kiunoni kwa mikanda midogo yenye bizimu. Pini ni pambo na uzito kidogo wa kutuliza kona ya kitambaa, basi. Mbele kilti ina pande mbili zinazolaliana; pini inachomwa kwenye pande la juu peke yake, upande wa kulia wa mvaaji, kama inchi 3 au 4 juu ya upindo na inchi 2 kutoka kwenye matamvua. Ukizishika pande zote mbili pamoja, kijana akikaa au akipanda ngazi kitambaa kinavutana na kitachanika tu. Dada wa dukani alimchomea mwanangu pande zote mbili, kwa mkono wake, akitabasamu. Hadithi wanayowapa watalii, kwamba Malkia Victoria alichomoa pini yake akamsitiri askari siku ya upepo, ichukue kama hadithi.

Sasa nyuma ya pini. Wote tunachagua kwa sura: upanga, paa dume mwenye pembe, fundo la Kikelti, mbigili. Sura haijawahi kumchania mtu nguo. Kinachochana ni sindano na ile ndoano inayoishikilia. Sindano ya ile yangu ilikuwa nene kama shazia la kushonea magunia. Sufu iliyofumwa vizuri huwa na huruma: sindano nyembamba ikipita, nyuzi zinasogea kando, na ukiichomoa zinarudi mahali pake, hasa ukipitisha mvuke wa pasi. Nene haisogezi nyuzi, inazikata. Na uzi wa sufu uliokatika haurudi. Ndoano nayo ilibaki na kijino cha chuma ambacho hakuna aliyejishughulisha kukipiga msasa, na kila ulipoifunga au kuifungua kiling'ata uzi mwingine.

Kwa hiyo siku hizi nabeba pamba kwenye mkoba. Ndiyo, pamba ya kawaida ya kusafishia uso. Naigeuza pini, naisugua pamba kwenye ncha, kwenye ndoano, na pale sindano ilipolehemiwa. Nyuzi za pamba zikinasa, narudisha pini kwenye kioo na kusema asante. Kisha nafunga na kufungua mara kumi. Sindano ikianza kulegea mara ya sita, je, itafika saa nne za usiku wakati watu wanaruka Strip the Willow, ile ngoma ya Kiskoti ya kuzungushana? Mwisho naitikisa. Ikilia, siitaki. Muuzaji mmoja aliniuliza kama natafuta pini au nafanya ukaguzi wa ndege. Nilimwambia vyote viwili.

Kwa kipimo hicho, kwangu ya kwanza ni pini ya pyuta ya Art Pewter, wale wa East Kilbride, kusini mwa Glasgow hapa hapa. Sifichi, nina upendeleo. Pyuta ni mchanganyiko ambao sehemu yake kubwa ni bati, ni laini, inapokea michoro midogo vizuri na haina ule mng'ao wa sufuria mpya. Zile nilizoshika zilikuwa na sindano nyembamba na mgongo uliosafishwa kama uso. Mwanangu sasa anavaa yao ya mbigili na hadi leo haijang'ata uzi. Ila kama kilti ni nyepesi, ya aunsi 10 au 11, chukua ndogo. Pini nzito huvuta kona ikalegea kama sikio la mbuzi.

Ya pili itawashangaza: pini kubwa ya kawaida, umbo la pini ya nepi, isiyo na ua wala upanga. Watu wanaiona ya kimaskini. Mimi naiona ya mtu anayejua anachovaa. Waya wake ni mmoja, ncha inajificha ndani ya kofia yake, hakuna ndoano ya kung'ata.

Fedha halisi naiweka ya tatu, na ni kwa ajili ya bei. Ni nzuri kwa zawadi ya harusi, ikirithiwa ndiyo bora zaidi, lakini kijana wa miaka 22 atakayeipoteza kwenye teksi hahitaji fedha. Ukinunua, tafuta mihuri nyuma: 925, yaani sehemu 925 za fedha katika kila 1,000, na ngome yenye minara mitatu kama ilipimwa Edinburgh. Sheria ya Uingereza inadai muhuri kwa kitu cha fedha kinachozidi gramu 7.78, na pini nyingi zinazidi. Hapo ndipo wauzaji wanaponipandisha presha. Wanaandika "fedha ya kale" kwa herufi kubwa, kumbe ni jina la rangi! Ndani ni chuma kisichojulikana baba yake, kimepakwa weusi kwenye mikunjo kionekane kimezikwa na mababu. Ile yangu ya pauni 22 iliandikwa hivyo hivyo. Niliporudi nayo niliambiwa kwamba ni pambo, "haikusudiwi kuvaliwa kila mara." Ilivaliwa mara moja.

Zipo pia za mguu wa ndege wa porini, kucha na manyoya yake, umefungwa kwenye chuma. Ni za jadi kweli, wala siwacheki wanaozipenda, lakini mguu wa kuku mimi naujua wa kwenye supu.

Za pauni 5 za kromu mkapachike kwenye begi.

Imebaki ya nembo ya ukoo, ile yenye mkanda na bizimu vinavyoizunguka nembo. Nembo ni ya chifu. Mtu wa ukoo akiivaa ndani ya mkanda ni ishara kwamba yuko chini ya chifu huyo. Kwa Campbell ni kichwa cha nguruwe mwitu, kwa MacLeod ni kichwa cha fahali. Kama mkwe wako ni Campbell, mwachie mwenyewe achague. Kama huna ukoo huko, kaa mbali nazo, kwa sababu kuna maduka yenye kompyuta ya kukutafutia ukoo, na kompyuta hiyo haijawahi kukosa. Nilimwambia kijana wa mojawapo kwamba sisi ni akina Mbwana, wa Tanga. Akaandika, akafikiri kidogo, akaniletea pini ya MacBain: paka mwitu ameshika ngao. Pauni 28. Nikaigeuza nyuma, nikapitisha pamba, ikanasa.