Nimezima Intaneti, Gemu Imefunguka: GOG Baada ya Kuuzwa

Habari zenu watazamaji wangu, karibuni tena. Niko hapa Mwanga, Kigoma, mezani kwangu kwenye ofisi ya ufundi, na leo kabla sijasema lolote nataka mtazame kwanza.

Laptopu hii ni mtumba. RAM yake GB 4, Windows 10. Waifai nimezima, oneni hapo chini kona ya kulia. Simu yangu ile pale, data nimezima pia. Sasa nachomeka fleshi. Ndani kuna faili la gemu, nabofya mara mbili. Linaniuliza niweke wapi, nakubali palepale, na mstari unaanza kujaa. Tusubiri.

Haya, imemaliza. Nafungua. Skrini inakuwa nyeusi kidogo, usishtuke... huo muziki mnausikia? Hiyo ni Heroes of Might and Magic III, gemu ya mwaka 1999. Haijaniomba neno la siri, haijaniomba barua pepe, wala haijauliza mtandao uko wapi. Imefunguka tu, kama redio.

Gemu hii nimeinunua GOG, duka la mtandaoni la kule Poland. Wengi mmeniuliza kwenye maoni kama duka hili bado ni la kuaminika baada ya kuuzwa, na kama kuna haja ya kutoa hela yako pale. Leo nalijibu swali hilo, na nitaongea kwa urefu, kwa sababu linanigusa.

Kwanza tuelewane kuhusu kufuli. Gemu nyingi za kompyuta zinazouzwa leo zina kitu kinaitwa DRM. Ni kufuli la kidijitali. Umelipa, umepakua, lakini kila mara au mara kwa mara gemu inauliza makao makuu: huyu jamaa ni halali? Makao makuu yasipojibu, haifunguki. Mimi yamenikuta. Kuna gemu niliinunua kwenye duka jingine, silitaji jina, na ilikuwa ya kucheza peke yako, haihitaji mtu mwingine popote duniani. Mtandao ukasumbua siku tatu. Siku tatu zote ile gemu ilikuwa inaniandikia nijiunge na intaneti kwanza. Mpwa wangu alikuwa amekuja likizo kutoka Tabora, nilishamwahidi. Nilikaa naye tunatazama ule ujumbe, sina la kumwambia mtoto.

Na kufuli si jambo la juzi. Wale wenye CD halisi za zamani, zile za kununua dukani na boksi lake, chukua mojawapo uijaribu kwenye Windows 10. Nyingi hazifunguki. Zilifungwa na kufuli kama SafeDisc na baadhi ya matoleo ya SecuROM, na mwaka 2015 Windows 10 ilipotoka Microsoft waliacha kuzikubali, kwa sababu zilikuwa zinapenya ndani mno ya mfumo na ni hatari kwa usalama. Fikirini hilo. Aliyenunua kihalali ana boksi, ana CD, ana risiti, na hachezi. Aliyenunua CD ya kunakiliwa iliyovunjwa kufuli, anacheza mpaka leo.

GOG walianza mwaka 2008, jina lao wakati huo likiwa Good Old Games, na walianza na gemu za zamani tu, kwa bei ya dola 5.99 na 9.99. Wao wanakupa faili la kusakinisha, basi. Ukishalipakua ni kama umenunua jembe: duka likifunga, jembe liko kwako. Mwaka 2012 walianza kuuza na gemu mpya, lakini sharti la kutokuweka kufuli wakalibakiza.

Walioanzisha duka hili ni kampuni ya CD Projekt, na historia yao ni kama ya hapa kwetu. Vijana wawili wa Warsaw, Marcin Iwiński na Michał Kiciński, walianza mwaka 1994 kwenye nchi ambayo gemu za kunakili zilikuwa zimejaa sokoni kama dagaa Kibirizi. Mwaka 1999 walileta Baldur's Gate kwa Kipolandi, na waigizaji wanazungumza Kipolandi, na ndani ya boksi wakaweka vitu ambavyo CD ya mtaani haiwezi kukupa. Hawakumkimbiza mnunuzi na kufuli. Walimpa sababu ya kununua. Ilifanya kazi, ikauzika sana.

Sasa, habari yenyewe. Tarehe 29 Desemba 2025 CD Projekt walitangaza kuiuza GOG yote kwa huyohuyo Michał Kiciński, kwa zloti milioni 90.7, karibu dola milioni 25. Kwa hiyo haikwenda kwa mgeni, imerudi kwa mmoja wa waasisi wake. Amesema msimamo wa kutokuweka kufuli unabaki, na CD Projekt wamekubali gemu zao zijazo ziendelee kuuzwa pale.

Mimi nilifurahi, lakini siwezi kuwaambia mlale usingizi. Duka hili halijawahi kuwa na hela ya kutupa. Zamani walikuwa wanakurudishia tofauti ya bei kama nchini kwako gemu inauzwa ghali kuliko Marekani, na mwaka 2019 wakaufuta mpango huo kwa sababu haulipiki. Mwaka 2021 walipata hasara, wakapunguza mambo wakarudi kwenye kazi yao ya msingi. Miaka yote hiyo kulikuwa na kampuni kubwa nyuma yao. Sasa kuna mtu mmoja mwenye mapenzi na hela zake. Mapenzi nayaamini, ila mtu mmoja ni mtu mmoja.

Na wenyewe walishawahi kutuonyesha kufunga kunafananaje. Septemba 2010 tovuti ilizimika, ukabaki ujumbe tu kwamba duka halitaendelea kama lilivyokuwa. Watu walipigwa na butwaa. Baada ya siku chache likarudi na sura mpya, kumbe ilikuwa mbinu ya matangazo. Hiyo sikuipenda hata kidogo, hela za watu hazifanyiwi mzaha. Lakini angalieni kilichotokea siku zile: waliokuwa wamepakua mafaili yao waliendelea kucheza. Waliokuwa wameziacha gemu zao zikae kwenye akaunti walikuwa wanasubiri kudra.

Hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Kununua GOG na kuiacha gemu kwenye akaunti ni sawa na kununua mchele ukauacha dukani kwa muuzaji. Hata kisheria, pale unanunua leseni kama kwenye maduka mengine. Jimbo la California lina sheria tangu 2025 inayolazimisha maduka kukwambia hivyo waziwazi. Tofauti ya GOG ni kwamba wanakuruhusu uondoke na mchele wako. Usipoondoka nao, hiyo tofauti hujaitumia.

Kitu kingine kinachonipa wasiwasi ni haki za gemu zenyewe, maana duka linaweza kuwa hai na gemu ikatoweka rafuni. Desemba 2024 Warcraft mbili za kwanza ziliondolewa pale kwa uamuzi wa wenye nazo, Blizzard. Walionunua kabla waliendelea kuzipakua, wateja wapya hawakuweza tena kuzinunua. Na kuna gemu ya mwaka 2000, No One Lives Forever, wachezaji wa rika langu wanaijua. Haijafika kabisa. Kampuni zimenunuana, makaratasi yamepotea, na waliojaribu kuirudisha walizungushwa kati ya kampuni na kampuni wakachoka. Ni kile kiwanja cha marehemu ambacho warithi hawaelewani: hakuna anayejenga na hakuna anayeuza, nyasi zinaota tu. Kuna taasisi ya Marekani ya kuhifadhi historia ya gemu, Video Game History Foundation, ilitoa utafiti mwaka 2023. Asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotoka kule Marekani kabla ya 2010 hazipatikani tena madukani kihalali. Asilimia 87!

Lakini kinachoniuma zaidi kama fundi ni jambo ambalo watu hawalitaji. Faili ninalo, sawa. Je, Windows ijayo italikubali? Hii gemu mnayoiona imefunguka kwa sababu kuna mtu aliketi akairekebisha. Zile za enzi za DOS, mfumo wa kompyuta wa kabla ya Windows, GOG wanazipakia pamoja na DOSBox, programu inayojifanya kompyuta ya zamani ndani ya kompyuta mpya. Nyingine lazima mtu aingie ndani atafute kwa nini sauti inakatika, kwa nini rangi zinachafuka. Novemba 2024 walianzisha mpango maalumu wa kazi hiyo, wakaanza na gemu 100, wakiahidi kuendelea kuzitunza hata kompyuta zikibadilika. Duka likifa, faili langu litabaki, ila fundi wake hatakuwepo. Hiyo ndiyo hasara ambayo nakala kwenye fleshi haiizibi, na ndiyo sababu nataka duka hili liishi, siyo nipakue tu nikimbie.

Sasa nakuja kwetu. Kila wiki mtu anaingia hapa na fleshi: fundi, niwekee magemu. Zamani nilikuwa naweka. Miaka ile umeme wa Kigoma ni wa majenereta ya dizeli, CD inakuja na treni kutoka Dar imeshachubuka, huwezi kumwambia mtu habari ya leseni wakati hakuna duka linaloweza kumuuzia. Na mimi Heroes III hii niliijulia kwenye CD ya namna hiyo, nasema wazi. Leo duka lipo, na halijaweka kufuli. Ningeweza kuinakili fleshi hii kwa wateja wote wa Mwanga mpaka Ujiji na hakuna kitu kingenizuia. Ndiyo maana sinakili. Aliyeacha mlango wazi kwa kukuamini, ukimwibia, kesho ataweka kufuli, na atakuwa na haki. Kwa hiyo tafadhali, msiniombe nakala.

Bei je? Heroes III bei yake ya kawaida ni dola 9.99, elfu ishirini na kitu. Mimi nilisubiri punguzo nikaipata kwa dola 2.49, na mapunguzo pale ni mengi, usiwe na haraka. Usiporidhika una siku 30 za kudai hela yako hata kama umeshacheza. Kero ni malipo: bei ni za dola na unahitaji kadi. Niliyotumia mimi ni ya mtandaoni, ya kutengeneza kwenye simu, ikakubali mara ya pili.

Kupakua nako kuna ujanja wake. Ukipakulia kwenye kivinjari na mtandao wetu huu ukikatika, mara nyingine unaanza moja, na bando limekwenda. Mimi natumia programu yao ya Galaxy kupakua tu, inaendelea ilipoishia, halafu naifunga. Si lazima kuwa nayo ili ucheze, na kwa mashine ya GB 4 sikushauri uiache imewashwa. Muhimu ni kuchagua faili la nakala rudufu, lile la kusakinisha bila mtandao, usibofye kile cha kusakinisha moja kwa moja. Heroes III ni kama GB 1. Gemu kubwa wanazikata vipande visivyozidi GB 4, kwa hiyo hata fleshi ya zamani inapokea. Gemu mpya za GB 60 au 70 kwa bando la hapa, mimi siwashauri. Nguvu ya duka hili kwetu ni gemu za zamani: ndogo, mashine ya mtumba inaziweza, na nyingi hazitaki mtandao.

Tena Heroes III hii ina kitu kinaitwa zamu kwa zamu kwenye mashine moja. Watu wanne, laptopu moja, mausi moja. Ukimaliza, skrini inaficha ramani yako na kuandika zamu ya nani, unasogeza kiti, anakaa mwenzako. Jumapili iliyopita tulicheza mimi, mpwa wangu na majirani wawili mpaka betri ikaisha, na mpwa wangu alikuwa ametuzingira wote.

Uamuzi wangu: nunueni, lakini gemu moja moja, na pakueni siku hiyohiyo. Weka nakala mbili, fleshi haiaminiki peke yake. Kisha zima intaneti, isakinishe kwenye mashine nyingine kama nilivyofanya mimi, uhakikishe inafunguka. Usipoijaribu hujui kama unayo.

Zangu ziko kwenye hii hadidiski ya nje. Mnaona plasta hii juu yake? Nimeandika kwa kalamu jina la kila gemu na tarehe niliyoijaribu. Heroes III ilikuwa ya Machi, naifuta, naandika ya leo. Haya, mpwa wangu yuko mlangoni anauliza kama nimemaliza kurekodi. Anko anakuja, vuta kiti.