Fundi wa antena Mtwara: mita inasoma moja, wati zinaishia kwenye kebo

Nimelipa, nikanyamaza, sasa nasema. Fundi aliyenifungia antena ya redio ya ridhaa (ya kuzungumza kwa mawimbi kama hobi) hapa Shangani aliweka tyuna, kile kifaa cha kulinganisha antena na redio, mezani kando ya redio, akavuta mita 30 za kebo nyembamba ya RG-58 hadi kwenye mnazi, akaunga waya wa mita 20, akabonyeza kitufe. Nilipomuuliza kwa nini tyuna isikae kule shinani mwa mnazi, alinijibu huku anafunga mkoba: "Mzee, mita inasoma moja. Unataka isome ngapi?"

Nataka ipime antena! Ile moja ni SWR, kipimo cha mawimbi yanayorudi (moja maana yake hayarudi), na ni ya kile kipande cha nusu mita kati ya redio na tyuna. Kutoka hapo hadi mnazini hakuna kilichobadilika: mawimbi yanagonga antena yanarudi, yanagonga tyuna yanakwenda tena, na kila safari kebo inakula chake. Chukua SWR ya 10 tu pale shinani, bendi ya mita 10 (yaani urefu wa wimbi). RG-58 ya mita 30, hata antena ikiwa sawa kabisa, inakula desibeli 2.4 hivi (kila desibeli 3 ni nusu ya nguvu). Kwa SWR hiyo hasara inafika desibeli 6. Unatoa wati 100, mnazini zinafika 25, nyingine zinapasha kebo joto. Kibaya zaidi, hasara hiyohiyo inaficha ugonjwa: toa tyuna, pima mezani, utaona SWR haifiki 3, udhani antena ina nafuu.

Halafu huo waya wa mita 20! Ni nusu wimbi ya bendi ya mita 40, na mizidisho yake inaangukia bendi za 20, 15 na 10. Kwenye bendi hizo ncha yake ina ukinzani wa ohmu maelfu, tyuna inagongagonga relei, swichi zake za ndani, mpaka inakata tamaa. Mita 17.5 zingeepuka bendi zote nne.

Kwa haki, tyuna yenyewe haina kosa, naipenda. Na kuiweka mezani si kosa kila mahali. Kebo ikiwa mita 10 na antena imekatwa vizuri, SWR haizidi 2, iache hapohapo. Lakini kwa waya mmoja mrefu na kebo ndefu nyembamba, tafuta tyuna ya kujiendesha inayokaa nje, uifunge shinani, mita moja juu ya ardhi, upande wa kivuli. Waya wa antena uanzie palepale kwenye tyuna. Tandaza waya 16 za mita 5 mchangani kama miale, ziwe ardhi ya antena. Fimbo moja ya shaba iliyogongwa kwenye mwamba wa matumbawe haitoshi. Kebo, kabla ya kuingia, izungushe mara 10 kwenye pete ya feraiti ya kuzuia mawimbi yasirudi kwa nje ya kebo. Umeme wa tyuna upite kwenye waya wa 1.5 mm²: kwa mita 30 hizo, kwenda na kurudi, unapoteza volti 0.7 kwa kila ampea, na tyuna nyingi zinavumilia. Ukiongeza sanduku la plastiki, litoboe tundu dogo chini, jasho litoke.

Nilikuwa nampa nyota tatu, maana waya aliupandisha haraka na umekaza vizuri. Masika hayajaisha nikafungua konekta ya mnazini. Tepi ya kawaida ya umeme imejikunja kama gome, gundi imeyeyuka, na ule wavu wa shaba umegeuka kijani. Ukiufikicha unabaki unga vidoleni. Maji yameshaingia ndani ya kebo, kebo nzima ni ya kutupa. Hapo inatakiwa tepi ya mpira inayojishika yenyewe, uivute mpaka iwe nyembamba, uanze chini kupanda juu ili maji yateleze, ndipo juu yake tepi ya kawaida.

Nilimpigia. Akasema, "Mzee, hiyo chumvi, siyo mimi." Kijana anafunga antena Mtwara, bahari anaiona kila siku, na mkobani hana hata roli moja ya tepi ya mpira. Nyota zote tatu nimeziondoa.