Mtihani wa Kiingereza umekula mtaji wa dagaa

Nimesubiri hasira zipoe ndo niandike ila naona hazipoi. Huu mtihani wa Kiingereza wanaodai vyuo vya nje, IELTS au TOEFL, wenyewe hauna noma, kusikiliza kusoma kuandika kuongea, mtu umefundishwa kwa Kiingereza toka fomu wani mpaka digrii unafanya tu. Shida hela. Ada inapita dola 200, laki tano na ushee hiyo, bado basi Mwanza mpaka Dar kilomita zaidi ya 1,000, bado gesti na msosi. Maza anauza dagaa pale Mwaloni Kirumba, giza likaingia, zile siku mwezi hautoki dagaa wanavuliwa, wenzake wanabeba mzigo yeye kakaa, mtaji nimeenda nao mimi Dar.

Basi nikafaulu vizuri kabisa, chuo kikanikubali, mfadhili akachelewa weee, kaja kupatikana matokeo yashakufa. Iwe IELTS iwe TOEFL, miaka 2 tu kwisha, Kiingereza changu kimeoza kama sangara aliyekosa barafu! Nikarudi pale kituo cha mtihani kuuliza kama kuna namna, hata punguzo. Dada wa mapokezi anachati, hata kichwa hajainua, mbele za watu ananiambia "kaka, kama laki tano inakutoa jasho, huko nje utaishije?" Nikamjibu kwa Kiingereza kilekile nilichofaulia kwao, akacheka. AKACHEKA. Mpaka leo nikioga nakumbuka.

Na hela yenyewe haibaki hapa, IELTS ya Waingereza na Waaustralia, TOEFL ya Wamarekani, yaani kila dogo anayetaka chuo anawapelekea kwanza dola na hajui hata kama atapokelewa.

Nilitaka niwape nyota moja. Ila yule mzee aliyenipima kuongea alikuwa mpole sana, kaniuliza mambo ya ziwa tukapiga stori, kwa ajili yake niseme tatu. Aah hapana, nikiwaza giza la maza naghairi, sifuri, mzee achukue zake pembeni.

Halafu kuna vyuo vinapokea barua tu ya chuo ulichosoma kwamba walifundisha kwa Kiingereza, pale kituoni hakuna atakayekwambia, so andikieni chuo mnachoomba kabla hamjalipa. Changu nilikiandikia, kikagoma. Nimelipa tena.