Unga wa kakao uliotiwa alkali: mzuri kikombeni, msumbufu kwenye keki

Unga wa kakao si chokoleti iliyosagwa, bali ndio uliotangulia. Mwaka 1828, huko Uholanzi, Casparus van Houten alipata hataza ya mashine ya kukamua mafuta ya kakao, ambayo ni kama nusu ya uzito wa punje. Yakishapungua, mabaki husagika kuwa unga. Mafuta yaliyokamuliwa yakaja kupata kazi: mwaka 1847 kampuni ya Fry ya Bristol iliyachanganya na kakao na sukari, ikapata chokoleti ya kutafuna.

Mwana wa Casparus, Coenraad, ndiye aliyeanza kuitia kakao alkali, yaani kitu kinachopunguza asidi, ili ichanganyike na maji kwa urahisi. Kwa kinywaji, alipatia. Unga huo ni mweusi zaidi, ukali wa asidi umepungua na hausumbui sana kukoroga. Lakini hauyeyuki, hata pakiti iseme nini. Chembe zake huelea tu, kisha hutuama. Changanya kijiko kikubwa cha kakao na kimoja cha sukari vikiwa vikavu, tia vijiko viwili vya maziwa ya moto, ponda mpaka upate uji mzito usio na madonge, ndipo umimine mililita 200 za maziwa. Chemsha dakika moja huku ukikoroga: wanga wa kakao huvimba na masimbi hupungua. Ukiumwaga unga mkavu juu ya maziwa, sehemu ya nje hulowa na kuufungia ndani ulio mkavu. Hapo hata mwiko haukusaidii.

Kwenye keki mambo hubadilika. Bekingi soda huhitaji asidi, na kakao ya asili inayo, kwani pH yake, yaani kipimo cha asidi ambacho 7 ni katikati na chini yake ni asidi, ni kama 5.5. Iliyotiwa alkali hufika 7 au hata 8. Kama mapishi yanategemea asidi ya kakao peke yake, ukibadilisha unga keki haiumuki vizuri na huacha ladha ya sabuni. Tumia bekingi pauda, au hakikisha mna mtindi. Ukienda kinyume, yaani unga wa asili badala ya ule mweusi, ongeza chembe ya bekingi soda, kama moja ya nane ya kijiko cha chai kwa vijiko vikubwa vitatu vya kakao.

Rangi pekee isikudanganye dukani. Soma viambato: neno alkali au namba E501, yaani kaboneti ya potasiamu, litakuambia. Angalia na mafuta: asilimia 10 hadi 12 ni unga mwepesi wa kawaida, 20 hadi 22 ni mzito na mtamu zaidi kikombeni. Anayetafuta flavanoli, viambata vya asili vya kakao, achukue wa asili, maana alkali huzipunguza sana. Kwa kunywa tu, wenye alkali na mafuta mengi ndio wa kununua. Ufunge vizuri, mbali na viungo. Kakao hunyonya harufu ya karafuu upesi mno.